RX 6600 ya mtumba: nilichokiona baada ya kuachana na GTX 1050 Ti, na nani asihangaike kubadili kadi

Wakuu habari zenu. Naanza na jibu kabisa maana najua wengi mnasoma hela ikiwa tayari kwenye simu, mnachotaka kujua ni kununua au kuacha. Kama una GTX 1050 Ti, GTX 1650 au kadi yoyote ya rika hilo, kioo chako ni cha 1080p, prosesa ni Ryzen 5 2600 kwenda juu au i5 ya kizazi cha nane kwenda juu, na pawa saplai yako inaeleweka, basi RX 6600 ya 8GB, kadi ya michoro (graphics card) ya AMD, ukiikuta nzima ichukue; RX zote humu ni za AMD, GTX na RTX ni za Nvidia. Kama unatumia i5 ya kizazi cha nne, au kioo chako bado ni kile cha 1366 kwa 768 ambacho hakiipi kadi hii kazi ya kutosha, hiyo hela iache ikae kwanza, ya prosesa nitaeleza huko chini.

Mashine yangu ni Ryzen 5 3600 kwenye mazabodi ya B450, RAM 16GB vijiti viwili vya 8, SSD, na kioo cha inchi 24 cha 1080p. Kadi niliyokuwa nayo ni 1050 Ti ya 4GB na naomba kwanza niitendee haki. Ile kadi imetoka Oktoba 2016, inakula wati 75 tu, umeme wote inauvuta kwenye sloti ya mazabodi, nyingi hazina hata tundu la waya wa ziada. Unachukua Dell au HP ya ofisi iliyoshushwa na kontena, unaichomeka, unafunga skrubu, unacheza. Ndo maana mpaka leo ukizunguka maduka ya kompyuta ya Dar ukiulizia kadi ya gemu ya bei nafuu hiyo ndo ya kwanza kuletewa mezani, na wauzaji wanajua inatoka kwahiyo bei haishuki kirahisi.

Lakini sasa hivi imefika mwisho wake na sio kwa sababu ya uvivu tu. FC 24, gemu ya mpira ya mwaka 2023, tayari waliiandika 1050 Ti kama kadi ya chini kabisa inayoruhusiwa, yaani wewe uliyekuwa katikati ukajikuta mlangoni. Kuna gemu zinazodai kabisa kadi yenye ray tracing ndani yake (uwezo wa kuchora mwanga na vivuli kama vya kweli), Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 ni mojawapo, Doom: The Dark Ages ya Mei 2025 nayo hivyo hivyo, hizo kwenye 1050 Ti huna hata cha kushusha, hazifunguki. Alafu Nvidia wakatangaza kwamba familia yote ya GTX 10 draiva (programu zinazoiendesha kadi) za gemu mwisho Oktoba 2025, baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kadi haizimiki siku hiyo, gemu zako za zamani zitaendelea, ila gemu mpya ikitoka na shida hakuna wa kukutengenezea.

Sasa kabla hujatoa hela kuna kipimo kimoja cha bure ambacho natamani kila mtu akifanye, maana watu wengi wananunua kadi kumbe mgonjwa ni prosesa. Shusha MSI Afterburner, washa ile hesabu inayotokea pembeni ya kioo ukiwa unacheza, angalia asilimia ya GPU (yaani kadi) na asilimia ya prosesa kila core (kiini cha kazi) peke yake. Gemu ikiwa inakwama na GPU iko 97, 98, 99 muda wote, kadi ndo imeshikilia foleni, kubadili kutakusaidia. GPU ikiwa inacheza kwenye 50 au 60 huku core za prosesa zimejaa, kadi mpya hata ya milioni mbili haitakuongezea fremu (picha kwa sekunde) za maana. Ukitaka uhakika zaidi shusha rezolusheni ya gemu kutoka 1080p mpaka 720p bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ilikuwa imelemewa. Zikibaki pale pale, prosesa ndo ilikuwa inazuia tangu mwanzo.

Nilikipima kwangu kwenye Red Dead Redemption 2, ile sehemu ya kuingia mji wa Saint Denis ambayo ni nzito, 1050 Ti ilikuwa 99 bila kushuka, fremu thelathini na kitu, prosesa haijafika hata nusu. Nikashusha 720p fremu zikaruka karibu mara mbili. Hapo hakuna mjadala tena. Nikakipima pia kwenye OptiPlex 9020 ya mdogo wangu yenye i5-4570, core nne na nyuzi nne, prosesa ya mwaka 2013, tulimuazima kadi yangu kwa muda, na kwenye GTA V tukiwa katikati ya mji na magari mengi zile core nne zote zilikuwa 100 na GPU inapumzika. Huyo hata angepewa RX 6600 bure mji ungeendelea kukwama vile vile.

Kitu kingine cha kuangalia kabla ya kadi ni RAM. Nimekuta mashine nyingi za vijana zina kijiti kimoja cha 8GB kimekaa peke yake, wakati mazabodi inataka viwili vifanye kazi pamoja, na gemu nyingi za sasa 8GB haitoshi hata kufungua vizuri ukiwa na kivinjari nyuma. Kuongeza kijiti cha pili ni hela ndogo sana ukilinganisha na kadi, na ile kukwamakwama ya ghafla inaweza kuisha yenyewe. Fanya hiyo kwanza, alafu pima tena.

Haya, ukishajua kwamba kadi ndo shida, unachagua ipi? Hapa nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote.

RX 580 ya 8GB ndo inayosukumwa zaidi kwa watu wenye bajeti ndogo na kwa kweli ilikuwa kadi nzuri ya mwaka 2017, ila kuna mambo mawili. Inakula wati 185 na nyingi zilizopo mtaani zimetoka kwenye uchimbaji wa Ethereum, zimewaka usiku na mchana miaka mpaka ule uchimbaji wa kadi ulipoisha Septemba 2022. La pili, angalia sana maandishi ya 2048SP. RX 580 halisi ina core 2304, hiyo ya 2048SP ilitolewa kwa ajili ya soko la China na kiundani ni RX 570 imepewa jina la mkubwa wake, na zimejaa kwenye maduka ya mtandaoni ya China, boksi limeandikwa RX 580 8GB kwa herufi kubwa na hiyo 2048SP ama ndogo ama haipo kabisa. Kwa bei ya chini sana unaweza kuichukua ukijua unachonunua, ila usilipe bei ya 580.

RTX 3060 ya 12GB nilikuwa naipenda kuliko zote moyoni. Imetoka Februari 2021, ina DLSS (ya Nvidia, gemu inachorwa kwa rezolusheni ndogo alafu inakuzwa ili fremu ziongezeke), ray tracing yake inatumika kidogo, na ile 12GB inakupa amani. Kama kazi yako ni kuedit video, kutumia Blender, au unataka kuchezea hizi AI za kutengeneza picha kwenye mashine yako mwenyewe, usinisikilize mimi, jikaze uende kwenye 3060, programu nyingi za kazi hizo zimejengwa kwa Nvidia na ukiwa na AMD utahangaika. Mimi nacheza tu. Na kwa kucheza bila ray tracing 3060 na 6600 zinakaribiana sana, tofauti yake ni hela niliyoambiwa madukani ambayo ilikuwa zaidi ya laki mbili juu.

RTX 3050 kuwa makini, ziko mbili kwa jina moja. Ile ya 8GB ya Januari 2022 na ile ya 6GB ya Februari 2024, na hiyo ya pili imepunguzwa core na njia ya memori pia. Ila hiyo ya 6GB ina sifa moja ambayo kwa mazingira yetu ni kubwa, inakula wati 70 na haihitaji waya wa pawa saplai, na zipo fupi zinazoingia kwenye zile HP na Dell nyembamba za kulala. Kama mashine yako ni hiyo nyembamba na huna mpango wa kununua keisi nyingine, hiyo ndo kadi yako na RX 6600 isahau maana haiingii.

RX 6500 XT na RX 6400 kwenye mashine za zamani mimi ningekaa nazo mbali. Zina 4GB na njia nne tu za PCIe (sloti inayounganisha kadi na mazabodi), kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 zinajitahidi lakini kwenye 3.0 ambayo ndo tuliyo nayo wengi zinashuka vibaya memori ikijaa, na hazina kabisa uwezo wa kurekodi video kwa kadi, kwahiyo mwenye ndoto za kurusha laivu hapo amekwisha. Intel Arc B580 ya Desemba 2024 ina 12GB na ilitoka kwa dola 249, bei tamu sana, ila inataka Resizable BAR (setingi ya BIOS inayoiruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi) iwe imewashwa na Intel wenyewe wanasema prosesa iwe kizazi cha kumi kwenda juu, kwenye mashine ya zamani inapoteza nguvu nyingi mno. RTX 4060 na 5060 ni kadi za kisasa zinazokula umeme kidogo, bei zake za kutoka zote ni dola 299, ila ikishafika hapa na usafiri na kodi na faida ya muuzaji unaongelea zaidi ya milioni, na bado ni 8GB ile ile. Kama unanunua mashine mpya yote sawa, kwa mtu anayebadili kadi kwenye mashine ya PCIe 3.0 sikuona sababu.

Ikabaki RX 6600. Imetoka Oktoba 2021 kwa dola 329, 8GB za GDDR6, core 1792, wati 132. Inatumia njia nane za PCIe na hiyo iliniogopesha mwanzo kwa sababu B450 yangu ni 3.0, ila kwa 1080p na memori isipojaa sijaona dalili ya kubanwa.

Pawa saplai sasa, na hapa naomba msome taratibu. RX 6600 inahitaji waya mmoja wa pini 8 na AMD wanapendekeza pawa saplai ya wati 450. Ile niliyokuwa nayo ilikuja na keisi, imeandikwa 500W ubavuni, nyepesi kama imejaa hewa, nikaitoa nikaweka ya 550W yenye nembo ya 80 Plus Bronze kutoka duka linalotoa risiti na garantii. Iliongeza laki moja na kitu kwenye bajeti na naihesabu kama sehemu ya bei ya kadi, nanyi ihesabuni hivyo hivyo. Kuna mafundi watakwambia wanakutengenezea waya wa pini 8 kutoka kwenye nyaya za SATA za diski. Kataa. Plagi ya SATA kwenye volti 12 imetengenezwa kubeba wati 54 na waya wa pini 8 unaruhusiwa kupitisha wati 150, hiyo plagi inaweza kuyeyuka.

Wenye OptiPlex na wenzake, zile mashine nyingi zinakuja na pawa saplai ya wati 240 mpaka 290 isiyokuwa na waya wa kadi kabisa, na plagi yake ya kwenye mazabodi sio ile ya kawaida ya pini 24, Dell wanatumia ya pini 8 au 6 yao wenyewe. Kuna waya wa kubadilisha unauzwa, unafanya kazi, ila hakikisha unapima nafasi ndani ya boksi kwa rula kabla, urefu wa kadi ya feni mbili unaweza kugonga sehemu ya diski. Na prosesa je? Rudi kwenye kile kipimo cha juu.

Kununua. Nilizunguka Kariakoo na Posta, na bei ya kwanza ya kadi moja hiyo hiyo inaweza kupishana laki nzima kati ya duka na duka, kwahiyo usinunue duka la kwanza hata kama umechoka na jua. Kuna duka moja jamaa alinionyesha kadi safi inang'aa nikamwambia, "Boss, naomba tuipime kwanza." Akasema, "Kaka hiyo nzima kabisa, imetoka UK, chukua ukashindwe kucheza mwenyewe." Nikamwuliza kama itagoma nikifika nyumbani inakuwaje, akasema mali ikishatoka dukani imetoka. Nikamshukuru nikaondoka. Mtu anayeuza kadi ya karibu nusu milioni na hana kompyuta moja ya kuwasha mbele ya mteja, hapana.

Nilipoinunua jamaa mwenyewe ndo aliyesema, "Mkuu kaa hapo, tunaichomeka unaona kwa macho yako." Tulivyoipima ilikuwa hivi na nawashauri mfanye hivi hivi. Kwanza kadi ikiwa mkononi geuza nyuma, angalia zile skrubu nne zinazozunguka chipu, zikiwa zimechubuka vichwa ujue imeshafunguliwa, sio lazima iwe mbaya lakini uliza kwa nini. Angalia kati ya mapezi ya chuma kwa tochi ya simu, vumbi la kawaida sio shida, ila kutu au ukijani kwenye chuma maana yake imekaa sehemu yenye unyevu au chumvi na kwa sisi wa pwani hilo ni la kuangalia sana. Zungusha feni kwa kidole taratibu, isikwaruze, isicheze kushoto kulia. Inuse. Kadi iliyowahi kuungua sehemu ina harufu ambayo haitoki hata ikifutwa na spiriti.

Alafu iwashwe, fungua GPU-Z. Programu ndogo, ya bure, iweke kwenye flashi uende nayo. Inakuonyesha jina la chipu, idadi ya core, aina na ukubwa wa memori, na kwa zile kadi feki za Nvidia zilizobadilishwa jina, GTX 1060 au 1050 Ti ambayo ndani ni kadi ya miaka ya 2010 au 2011, inaandika kabisa mbele ya jina kwamba ni feki. Kwa RX 6600 unataka kuona core 1792 na 8GB za GDDR6. Kisha washa FurMark au gemu yoyote nzito dakika kumi hadi kumi na tano, macho kwenye joto, sio lile joto la kawaida tu, lile la hot spot, yaani sehemu ya chipu yenye joto zaidi. Yangu ilisimama kwenye 68 na hot spot 84 dukani mle bila AC, feni zinasikika lakini hazipigi kelele ya ajabu. AMD wanaruhusu hot spot mpaka 110 ila kadi ya wati 132 ikifika 100 na kitu ndani ya dakika tano ina pesti (ile ya kupitisha joto juu ya chipu) iliyokauka au kuna kitu kimekaa vibaya. Mwisho chomeka kioo kwenye kila tundu, HDMI na DisplayPort zote moja baada ya nyingine. Watu wanasahau hii sana. Alianzia laki tano na nusu tukamalizana kwenye laki nne na themanini, na karatasi ya mwezi mmoja ya kurudisha ikigoma.

Hiyo ya matundu inanikumbusha, wenye vioo vya zamani vya VGA, RX 6600 haina VGA wala DVI. Unahitaji kigeuzi cha DisplayPort kwenda VGA chenye chipu ndani yake, na ukweli ni kwamba kama kioo chako kina VGA peke yake basi kioo ndo kibadilishwe kwanza.

Kufunga ni kazi ndogo, ila ukihama Nvidia kwenda AMD usichanganye draiva. Shusha DDU (programu ya kufuta draiva za zamani), ingia seif modi, futa kila kitu cha Nvidia, zima, badili kadi, washa, weka Adrenalin (programu ya draiva ya AMD). Ukimaliza ingia BIOS uwashe Above 4G Decoding na Resizable BAR kama ipo, B450 yangu niliiapdeti BIOS ndo ikatokea, na kwa kadi za AMD inaongeza fremu za bure kwenye baadhi ya gemu. Usiapdeti BIOS umeme ukiwa wa wasiwasi, tafuta UPS hata ya kuazima.

Sasa raha yenyewe. Red Dead 2, ile ile Saint Denis, 1080p setingi za juu kiasi, fremu ni sabini hivi, na kitu kilichonigusa zaidi hata ya namba ni matope. Kwenye 1050 Ti nilikuwa nimeshusha kila kitu mpaka barabara inaonekana kama rangi ya kahawia imepakwa, sasa hivi naona maji yamesimama kwenye alama za magurudumu na taa za dukani zinaonekana ndani yake. Mvua ikianza kunyesha mjini nilisimamisha farasi nikawa naangalia tu. Cyberpunk 2077 iliyokuwa inajikokota kwenye 30 kwa setingi za chini kabisa sasa iko sitini kwa setingi za juu bila ray tracing, pale Jig-Jig Street kwenye watu wengi inashuka hamsini na kitu na hapo ni prosesa sio kadi. Forza Horizon 5 setingi za ultra iko themanini na zaidi, haitetereki. FC 24 nimeifungia 60, na zile marudio za goli na mashabiki ambazo zilikuwa zinakatakata zimetulia kabisa. GTA V kwa kweli ilikuwa inacheza vizuri hata kwenye 1050 Ti, kama wewe maisha yako ni GTA V, FC na PES za zamani zenye modi, kuna uwezekano mkubwa huhitaji kadi hii na mimi sitakudanganya.

Programu ya Adrenalin nimeipenda. Kuna AFMF inayotengeneza fremu za katikati hata kwa gemu ambazo hazina hicho kitu, imekuja rasmi mwanzoni mwa 2024, inafaa gemu za taratibu za kuendesha gari na kutembea, kwa gemu za kupigana risasi mtandaoni izime maana inachelewesha mkono. Na kuna kufunga idadi ya fremu, hiyo ndo muhimu kwa joto la Dar. Kioo cha 75Hz hakionyeshi fremu 140, zinazozidi ni umeme na joto tu, nikifunga kwenye 75 gemu nyepesi zinakula wati chini ya 80 na feni karibu hazisikiki. Tofauti ya wati 132 za kadi hii na wati 75 za 1050 Ti ukiwa unacheza masaa manne kila siku kwa nguvu zote ni kama uniti 7 kwa mwezi. Kwa wengi sio kitu, ila kama LUKU yako iko kwenye ile tarifu ya uniti 75 kwa mwezi na tayari unagusa 70, hiyo kadi inaweza kukuvusha upande wa bei kubwa, piga hesabu na waliomo nyumbani mapema.

Mapungufu yapo. Ray tracing isahau, ukiiwasha kwenye Cyberpunk unarudi chini ya thelathini, zile gemu zinazoilazimisha zinafunguka na kuchezeka kwa setingi za chini ila usitegemee maajabu. DLSS hakuna, unapata FSR ya AMD yenye kazi hiyo hiyo, na FSR kwa 1080p ukiweka Quality gemu inachorwa kwa 720p alafu inakuzwa, majani na nyaya za umeme za mbali zinatetemeka, kama gemu ina XeSS, ile ya Intel, jaribu hiyo kwanza mara nyingi picha yake ni safi zaidi. Kurekodi na kurusha laivu inafanya ila Nvidia wako mbele kwa ubora wa picha. Na 8GB inatosha leo kwa 1080p lakini tekscha za ultra kwenye gemu kama The Last of Us Part I zinaijaza, weka high uendelee, macho hayataona. Draiva pia kulikuwa na taharuki mwishoni mwa 2025, AMD waliposema RX 5000 na RX 6000 zinawekwa kwenye tawi la pembeni, watu wakalalamika sana, wakatoa ufafanuzi kwamba gemu mpya zitaendelea kupewa draiva. Kwahiyo kadi hii usiinunue ukitegemea miaka kumi.

1050 Ti yangu nimempa yule mdogo wangu wa OptiPlex. Kwa i5-4570 na pawa saplai ya wati 290 ndo saizi yake haswa, nimemwongezea kijiti cha RAM na kwa gemu anazocheza hana shida.

Kuhusu bei, kwa Dar ya sasa hivi mimi RX 6600 ya mtumba ningeishia laki tano, hiyo ikiwa imepimwa mbele yangu na ina angalau wiki mbili za kurudisha. Ikifika laki sita acha, ongeza kidogo uchukue RTX 3060 ya 12GB. Na ukiipata chini ya laki nne kutoka kwa mtu asiyetaka kuiwasha mbele yako, mwambie mkutane kwenye duka la fundi unayemjua, alipwe fundi buku tano ya kuichomeka, akikataa tafuta nyingine, zipo nyingi.